Siku 25 kutoka Ujerumani hadi Morogoro: uzoefu wangu na nyaya za maiki za mnadani

Mimi ni fundi mitambo wa kwaya hapa Morogoro, na kwa miaka miwili sasa nyaya za maiki nazinunua kwenye minada ya mtandaoni. Nyingi za bei rahisi tunazouziwa madukani ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Ukizikunja na kuzikunjua kila Jumapili, hazimalizi mwaka: zinaanza kukwaruza, halafu sauti inakata mwimbaji akiwa katikati ya ubeti.

Machi 2025 nilishinda mnada wa nyaya nne za XLR (zenye vichwa vya pini tatu vya maiki), mita tano kila moja, zilizotumika, za mtu binafsi wa Ujerumani aliyekuwa anafunga studio yake. Vichwa vyote ni vya Neutrik, kampuni ya vichwa vya nyaya za sauti. Nyaya Euro 26, kuzituma kwa posta ya kawaida Euro 21.

Mnada ulifungwa Jumapili tarehe 9, nikalipa usiku uleule. Jumanne muuzaji alikuwa ameshaupeleka mzigo posta. Tarehe 15 ukaondoka Frankfurt, kisha kimya. Siku kumi na mbili ukurasa wa kufuatilia haukubadilika hata neno moja, na Pasaka ilikuwa 20 Aprili! Kwa kweli niliingiwa na hofu, nikamwandikia. Alinijibu ndani ya saa chache, akaambatisha picha ya risiti ya posta. Tarehe 27 ukasomeka umefika Dar es Salaam, na 3 Aprili nikauchukua dirishani posta ya hapa mjini.

Siku 25 ni haki kabisa. Wiki tatu hadi nne kwa posta ya kawaida kutoka Ulaya sizilalamikii, na kile kimya cha katikati nimeshakizoea, maana mzigo ukishatoka kule mara nyingi hausomeki tena mpaka upokelewe huku. Kuutuma kwa haraka kungenigharimu zaidi ya nyaya zenyewe.

Ninachokataa ni muuzaji kukalia mzigo. Juni 2024 nilinunua nyaya kwa muuzaji wa Uchina. Mnada uliisha tarehe 8, kesho yake nikapewa namba ya kufuatilia, nikatulia nikijua ziko njiani. Kumbe namba inaweza kutolewa pale lebo inapoandaliwa tu. Kila nikifungua nakuta maneno yaleyale, kwamba taarifa za mzigo zimepokelewa. Zilikabidhiwa posta tarehe 27, siku 18 baada ya kupewa namba, na muuzaji hakujibu ujumbe wangu hata mmoja. Nilizipata 31 Julai. Safari yenyewe ilichukua siku 34, hizo nazivumilia. Zile 18 ziliniuma, kwa sababu tulikuwa na tamasha katikati ya Julai na nililazimika kuazima nyaya kwa kwaya jirani.

Tangu hapo, kabla ya kuweka dau nasoma muuzaji ameahidi kutuma ndani ya siku ngapi, na wanunuzi wa nyuma wanasemaje kuhusu hilo. Namba pia naitazama vizuri: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka mzigo, DE kwa Ujerumani au CN kwa Uchina. Ikipita wiki bila posta ya kule kusema imeupokea, nauliza palepale, sisubiri.

Nyaya za Mjerumani nilizifungua vichwa nikazipima kwa kifaa cha kupimia umeme, pini kwa pini. Tatu safi kabisa. Ya nne kibano chake kilikuwa kimelegea, nikakikaza. Lehemu zote zinang'aa, shaba ni shaba. Pasaka tuliimba ibada mbili bila mvumo wala mkwaruzo, na mzee wetu wa kwaya alikuja mwenyewe kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, kuniuliza nimebadilisha nini.

Nimempa nyota tano, na nimeshamwandikia kumuuliza kama amebakiwa na za mita kumi.