Uchambuzi wa Skylanders: Mwanasesere Anayekumbuka Alikofika

Watazamaji wapendwa, karibuni. Mezani hapa ninayo diski ya Skylanders: Spyro's Adventure ya konsoli ya Wii, mchezo wa video uliotoka mwaka 2011. Pembeni yake pana kibao cha duara kiitwacho Portal of Power na wanasesere watatu waliokuwa wakiuzwa pamoja nacho kwenye boksi la kuanzia, yaani Spyro, Gill Grunt na Trigger Happy. Vyote nilivinunua vikiwa vimetumika, na nitakachowaeleza nimekiona kwa miezi mingi ya kucheza na binti yangu mwenye umri wa miaka minane.

Tazameni kwanza kinachotokea. Kibao kimewashwa na kinang'aa taratibu. Namchukua Gill Grunt, huyu wa samaki mwenye bunduki ya chusa, namweka juu yake. Mwanga unageuka kuwa wa buluu kwa sababu yeye ni wa kundi la Maji, na papo hapo anaruka ndani ya televisheni akiwa tayari kutembezwa. Nikimwondoa na kumweka Spyro, mwanga unakuwa wa zambarau na yule joka mdogo anachukua nafasi. Binti yangu ameshaliona jambo hili mara mamia, na hadi leo akimweka mwanasesere huinua macho haraka kwenye televisheni ili asipitwe na ule mruko.

Sasa nimgeuze Gill Grunt mpaone chini. Hakuna mlango wa betri wala tundu la waya. Ndani ya kitako hiki cha kijani mmefichwa chipu ndogo inayopata nguvu kutoka kwenye kibao chenyewe kwa mawimbi ya redio, na kibao huisoma na pia kuiandikia. Neno la muhimu hapo ni kuandikia. Kiwango alichofikia mhusika, dhahabu aliyoikusanya, mbinu alizozinunua na hata kofia aliyovaa huhifadhiwa ndani ya mwanasesere mwenyewe. Mtoto akimtia mfukoni na kwenda naye kwa binamu yake mwenye konsoli ya aina nyingine kabisa, atamweka juu ya kibao cha huko na kumkuta vilevile alivyomwacha nyumbani. Studio ya Toys for Bob ya California, iliyoutengeneza mchezo huu kwa ajili ya kampuni ya Activision, ilistahili pongezi kwa uamuzi huo mmoja kuliko kwa kitu kingine chochote kilichomo ndani ya boksi. Jasho la mtoto linabaki mali ya mtoto.

Hadithi nayo imeshonwa ikaendana na wanasesere. Adui aitwaye Kaos amewatupa mashujaa kutoka nchi yao ya visiwa vinavyoelea angani hadi duniani kwetu, ambako wamepungua na kuganda wakawa sanamu, na kazi ya mchezaji ni kuwarudisha. Kwa mtoto maelezo hayo yanatosha kabisa. Uchezaji wenyewe ni mwepisi: unapiga, unakusanya, unatatua mafumbo madogo ya kusukuma mawe. Watu wawili hucheza pamoja, kila mmoja na mwanasesere wake juu ya kibao kimoja, na mmoja akitaka kwenda kula, humwondoa wake na mwenzake akaendelea. Kwa mzazi asiyezoea kushika pedi, huu ni mlango mzuri wa kuingilia. Mhusika akiishiwa nguvu, hupumzishwa hadi sehemu hiyo ya mchezo iishe, nawe unaweka mwingine. Kwa hiyo idadi ya wanasesere ulionao ndiyo idadi ya maisha yako.

Hapo ndipo penye lawama yangu kubwa. Wahusika wamegawanywa katika makundi manane, na njiani kuna milango isiyofunguka ila kwa mhusika wa kundi lake. Boksi la kuanzia lina makundi matatu tu: Uchawi, Maji na Teknolojia. Hadithi kuu inamalizika kwa hao watatu, lakini mtoto atapita mbele ya mlango wa Moto, wa Uhai au wa Hewa, na mchezo utamkumbusha kwamba hana wa kuufungua. Mchezo ulipotoka, boksi lilikuwa takriban dola 70 za Marekani na mwanasesere mmoja takriban dola 8. Seti kamili ilikuwa na wahusika 32, hivyo waliobaki 29, kwa bei hiyo, ni zaidi ya dola 230. Kufungua milango yote, hata hivyo, kunahitaji watano tu, mmoja kwa kila kundi lililosalia. Nilimweleza binti yangu hesabu hiyo tangu mwanzo, tukakubaliana juu ya hao watano, na ugomvi ukaisha.

Washindani walikuja baadaye. Disney Infinity ilianza mwaka 2013 na kusimamishwa mwaka 2016, nayo ilinikera kwa kuwazuia wahusika wa filamu moja kuingia katika ulimwengu wa filamu nyingine, isipokuwa pale penye uwanja wa kujijengea. Lego Dimensions ya mwaka 2015 ni bora zaidi kwa mafumbo, kwa kuwa inakulazimu kuwahamisha wanasesere kutoka upande mmoja wa kibao kwenda mwingine. Amiibo, wanasesere wa kampuni ya Nintendo, ni nzuri kutazama, ingawa katika michezo mingi hazikupi zaidi ya zawadi ndogondogo.

Mkitaka kununua Skylanders iliyotumika, kagueni kibao kabla ya wanasesere. Hiki cha Wii hakina waya. Kinawasiliana na kipokezi kidogo cha USB, na kipokezi kikipotea, kibao hakina kazi tena. Kisha tazameni rangi ya kitako: kijani ni cha mchezo huu wa kwanza, rangi ya chungwa ni cha Giants wa mwaka 2012, na buluu ni cha Swap Force wa mwaka 2013. Wa zamani huingia katika michezo iliyofuata, lakini mhusika aliyeanzia mchezo wa baadaye haingii katika uliotangulia.

Tena, muwekeni kila mmoja juu ya kibao kabla ya kulipa, ikiwezekana. Trigger Happy wetu alipofika alikuwa katika kiwango cha 10, cha juu kabisa katika mchezo huu, ana kofia kichwani na jina la utani alilopewa na mtoto tusiyemjua. Mchezo unaruhusu kufuta yote hayo na kuanza upya, nami nilikuwa nimeshafika kwenye kitufe chenyewe. Binti yangu aliniomba nisifute, kwa sababu, alisema, kuna mtu alimfanyia kazi kubwa. Jina lile bado lipo.