Unga wa lishe wa "nafaka saba": uzoefu wangu kwa mtoto asiyependa kula

Niseme mapema kwamba unga huu ni mtamu. Ukiupika vizuri nyumba nzima inanukia karanga, na hata baba watoto huja kuchungulia sufuria. Ila kama unaununua kwa ajili ya yale maneno ya kwenye pakiti, "mtoto ananenepa haraka", soma kwanza.

Wangu ana miaka miwili na nusu, mwembamba kama baba yake, mlaji wa kudonoadonoa. Kila tukienda ukweni ni maneno: "Huyu mnamlisha nini?" Wifi ndiye aliyenitumia namba ya dada mmoja anayeuza mtandaoni. Kilo shilingi 8,000, hela ya bodaboda juu yako. Ndani kuna mahindi, mchele, ulezi, uwele, ngano, soya na karanga. (Soya na karanga si nafaka, lakini tuyaache hayo.)

Upishi wake unataka subira. Unauvuruga kwanza kwa maji ya baridi, unamimina kwenye maji yanayochemka, na ukiacha mwiko kidogo tu, madonge. Soya ndiyo yenye kesi. Ukiipua mapema, uji unabaki na harufu ya maharage mabichi, na mtoto wangu aliigundua hata nilipoifunika kwa sukari. Moto mdogo, kama dakika 20, kisha ndimu kidogo mwishoni: hapo anakunywa.

Akawa anamaliza kikombe kizima, wifi akapigiwa simu ya shukrani. Ikifika mchana sasa, ugali na samaki hagusi. Kikombe kikubwa saa nne, tumbo limeshajaa. Mtoto wa kilo 12 tumbo lake hubeba kama gramu 360 kwa mlo, na uji mwepesi sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo alikuwa anashiba bila kula.

Kliniki, muuguzi alimpima uzito na urefu, akaweka alama kwenye kadi na kunionyesha: mstari wake unapanda sambamba na ile iliyochapwa, chini kidogo ya ule wa katikati, tangu akiwa mchanga. "Mama, huyu hana shida, ndivyo alivyo." Akaniambia baada ya mwaka wa kwanza kasi ya kukua hupungua, mtoto huongeza kama kilo mbili tu kwa mwaka, na hamu ya kula nayo hushuka. Nafaka saba hakuzisifia. Nafaka moja na kunde moja zinatosha, mboga, matunda na samaki vije kwenye sahani.

Aliyenenepa ni dada yake wa miaka sita. Yeye ndiye aliyekuwa anamalizia uji wa mdogo wake, na sukari anajiongezea mwenyewe. Sketi ya shule ikaanza kubana, na shangazi yake akaanza kumwita "bonge" mbele za watu. Hilo nililikataa palepale, tena kwa heshima zote: wifi, jina hilo tuliache. Mtoto alikuwa ameshaanza kuvuta blauzi ifunike tumbo.

Kuhusu bidhaa yenyewe, kinachoniudhi ni pakiti. Haina tarehe ya kusagwa wala alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Mahindi na karanga ndivyo hasa vinavyoshikwa na sumukuvu, sumu ya ukungu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Kuna pakiti ilikuja na uchungu wa karanga zilizokaa. Muuzaji aliibadilisha bila ubishi, nampa sifa yake, lakini swali langu la karanga anazitoa wapi halijajibiwa mpaka leo.

Siku hizi nachambua mahindi mwenyewe, nakaanga soya kidogo, napeleka mashineni. Uji ni wa asubuhi tu, mzito wa kukaa kwenye kijiko, sukari imekaa kabati la juu. Mchana tunakaa wote mkekani, kila mtoto na sahani yake, anayesema ameshiba anaachwa ashuke zake. Mdogo bado ni mwembamba. Juzi alikula kichwa cha changu peke yake, macho na yote.

Nyota tatu kati ya tano. Ladha tano, pakiti moja. Kwa mtu mzima anayetaka uji wa jioni, nunua, ila uliza kwanza karanga zinatoka wapi.