Mizigo kwenye baiskeli ya kuegemea kwa bei nafuu: kabla ya kununua, geuza mfuko utazame mgongo wake

Spoki nne zilikatika kwa mpigo mmoja. Nilikuwa nateremka mteremko mdogo kwa baiskeli yangu ya kuegemea, ile unayoiendesha umekaa kitini na mgongo umelala, barabara kavu, mwendo wa kawaida, na nyuma yangu inaning'inia jozi ya mifuko niliyoinunua wiki hiyo hiyo. Gurudumu la nyuma likapita kwenye shimo, nikasikia mlio mfupi wa kukwaruza, kisha gurudumu likagoma kabisa. Baiskeli iliburuzika, nami nikaburuzika nayo. Nilipoinuka nikakuta pembe ya chini ya mfuko wa kushoto imeingia katikati ya spoki, ikajisokota hadi kwenye fremu na kukwama hapo. Spana yangu ilikuwa imetoboa kitambaa na ncha yake kutokeza nje.

Muuzaji alikataa kurudisha pesa. Alisema mfuko umeshatumika.

Tangu nisimulie mkasa huo, wasomaji kadhaa wameniandikia, na kila mmoja ananieleza jambo lile lile kwa maneno yake: mfuko umeruka ukaachia, mfuko umesuguliwa na tairi ukatoboka, mfuko umelala juu ya cheni ukapakaa grisi kila kilichokuwa ndani. Ndiyo maana naandika mwongozo huu, na ndiyo maana sitaanza na lita, rangi wala idadi ya zipu. Hayo utayasoma kwenye lebo. Mimi nataka utazame kitu kimoja ambacho hakipigwi picha: kinachoushika mfuko kwa chini.

Mfuko wa baiskeli una sehemu mbili za kushikwa. Juu kuna kulabu mbili zinazoning'inia kwenye bomba la keria. Hizo kila mtu anazikagua. Chini panatakiwa pawe na kitu cha kuzuia mfuko usipepee kutoka nje na kurudi ndani. Kwenye mifuko mingi ya bei ya chini, kitu hicho ni kipande cha mpira chenye ndoano ya chuma mwishoni. Mpira unavutika. Ukipita kwenye shimo mfuko unaruka, mpira unalegea kwa nukta moja, ndoano inachomoka, na kuanzia hapo nusu ya chini ya mfuko iko huru. Kama mgongo wa mfuko nao ni laini, yaani ndani umetiwa kadibodi au plastiki nyembamba, basi pembe yake inajikunja kuelekea kwenye spoki. Kilichobaki ni suala la muda.

Mwenye baiskeli ya kawaida anaweza kuvumilia kasoro hii kuliko sisi, na sababu ziko mbili. Kwanza, yeye akigeuza shingo anauona mfuko wake, hata kuugusa anaweza. Sisi tumekaa kama kwenye kiti cha uvivu, mgongo umelala, miguu imetangulia mbele, na kiti chenyewe kimeziba kila kilicho nyuma. Mfuko ukilegea huna habari. Pili, yeye akiliona shimo anasimama kwenye pedeli, anaiachia baiskeli ipite chini yake. Sisi hatuwezi kusimama. Uzito wote wa mwili unabaki kwenye kiti, na gurudumu la nyuma linapokea kipigo kizima pamoja na mizigo iliyo juu yake. Shimo ambalo kwa mwenzako ni dogo, kwa mifuko yako ni kubwa.

Kuna faida moja tuliyonayo, na inasikitisha kuona wengi hawaitumii. Kwenye baiskeli ya kawaida mifuko husogezwa nyuma ili visigino visiigonge. Visigino vyetu viko mbele kabisa, mbali na keria. Kwa hiyo sisi tunaweza kuisogeza mifuko mbele kadiri keria inavyoruhusu, hadi katikati ya mzigo iwe mbele ya ekseli ya nyuma. Fanya hivyo. Mzigo ukiwa nyuma ya ekseli unalinyanyua gurudumu la mbele, na kwenye baiskeli fupi, ile ambayo pedeli ziko mbele ya gurudumu la mbele, utaliona hilo unapoanza kupanda mlima polepole: usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inayumba kama mlevi.

Sasa chaguo zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza, na sina haja ya kuficha upendeleo wangu, ni keria ya kawaida na mifuko ya Ortlieb iliyokwisha tumika. Kampuni hii ya Ujerumani ilianza mwaka 1982, na jozi ya mifuko yake aina ya Back-Roller inabeba lita 40. Lakini lita si hoja yangu. Geuza mfuko huo utazame mgongo. Utakuta ubao mgumu wa plastiki unaozuia mfuko kujikunja, na chini yake kulabu ngumu inayosogezwa kwenye reli, unaizungusha na kuikaza mahali ambapo mguu wa keria unapita. Ukishaning'iniza mfuko, kulabu hiyo inaukumbatia mguu wa keria na mfuko hauendi nje. Hakuna mpira wowote. Kulabu za juu zinajifunga zenyewe ukiuachia mpini, na zinaingia kwenye bomba la hadi milimita 16. Kama bomba lako ni jembamba kuna vipande vya kupunguzia vinavyowekwa ndani ya kulabu. Usivitupe vipande hivyo. Bila hivyo mfuko unacheza juu ya bomba, unagonga usiku na mchana, na baada ya miezi utakuta rangi ya keria imekwanguka hadi chuma.

Mbona nasema ni nafuu wakati bei yake ikiwa mpya inaumiza? Kwa sababu nanunua iliyotumika. Kitambaa chake kimeunganishwa kwa joto badala ya uzi, hakuna mshono wa kufumuka, na kulabu zikivunjika zinauzwa kama vipuri. Jozi yangu ya sasa niliikuta imepauka upande mmoja kwa jua, kiraka kimoja kikubwa chini, na kulabu moja haipo. Nikaipata kwa bei iliyokaribia ile ya mifuko iliyonikatia spoki. Nilibadilisha kulabu, na hadi leo sijaigusa kwa ukarabati mwingine.

Kuhusu keria, pima gurudumu lako la nyuma kabla ya kununua. Baiskeli nyingi za kuegemea zina gurudumu dogo la inchi 20 mbele na kubwa nyuma, na hapo keria ya kawaida inakaa vizuri. Kama na la nyuma ni la inchi 20, keria ya gurudumu kubwa itasimama juu mno na mzigo utapanda nayo. Tafuta fupi. Vilevile kagua kama miguu ya keria inashuka hadi chini ya mfuko, maana kulabu ya chini isiyo na mguu wa kushika ni pambo tu.

Ya pili ni tela. Wengi wanalikwepa wakidhani ni kwa watoto, na wanakosea. Tela linafungwa kwenye ekseli ya nyuma, chini kabisa, kwa hiyo halijali kama umekaa wima au umelala. Burley Nomad, lenye magurudumu mawili, linabeba hadi kilo 45, na hakuna mfuko utakaokupa hivyo. Tela la gurudumu moja, kama BOB Yak ya zamani yenye uwezo wa kilo 32, linafuata nyayo zako na kulala pamoja nawe kwenye kona, linapita njia nyembamba, ila likisimama halijitegemei. La magurudumu mawili linasimama lenyewe na kupakia kunakuwa kazi nyepesi. Weka vizito mbele kidogo ya ekseli ya tela. Ukiviweka nyuma tela linalivuta gurudumu lako juu na mkia unaanza kucheza kwenye mteremko. Na funga bendera ndefu, kwa sababu baiskeli yetu iko chini na tela liko chini zaidi. Lililotumika huwa zima kabisa: watu hununua, watoto wanakua, tela linakaa stoo. Kinachochakaa ni kiungo cha kufungia, basi hicho kikague kwa mkono wako, ukitikise, usikubali kinachocheza.

Ya tatu ni mifuko ya kutandaza juu ya kiti, ile inayoning'inia pande zote mbili za mgongo wa kiti bila keria. Radical Design ya Uholanzi wanaitengeneza mahsusi kwa baiskeli zetu, na ushonaji wao naupenda kwa dhati. Mzigo unakaa mbele ya gurudumu la nyuma, upepo haupati pa kushika, uzito wa keria unaepukwa. Lakini nimeiweka ya tatu kwa sababu ya ugomvi wangu ule ule: kama fremu yako haina bomba la pembeni la kuegemeza mfuko, chini yake hakuna kinachoushika, na jirani yake ni gurudumu upande wa nyuma na cheni upande wa chini. Cheni ya baiskeli ya kuegemea ni ndefu zaidi ya mara mbili ya ile ya kawaida na inapita chini ya kiti chote. Mfuko ukilegea unailalia. Wanaoitumia kwa furaha wamefunga bomba la kuegemeza, na mikanda yake wameivuta mpaka mfuko hausogei ukiusukuma kwa goti.

Begi la mgongoni lililofungwa nyuma ya kiti cha wavu linafaa kwa kompyuta na koti la mvua. Kata au funga kila mkanda unaoning'inia. Kreti iliyofungwa kwa boliti juu ya keria inabeba vingi, ila inaweka uzito juu na nyuma. Ndoo za mraba zenye kifuniko, zilizofungwa kulabu, zina mgongo mgumu kuliko mifuko mingi ya dukani, na kwa hilo naziheshimu.

Mifuko isiyo na jina yenye maneno “inaingia baiskeli zote” sitaipangia nafasi.

Hapo ndipo penye dukuduku langu na wauzaji. Nilipokuwa natafuta mifuko ya kubadilisha ile iliyoharibika, niliomba picha moja tu ya mgongo wa mfuko. Muuzaji wa kwanza alinitumia picha ile ile ya mbele. Wa pili akaniuliza kwa nini nahitaji. Wa tatu akanijibu kwamba mfuko ni wa lita 60. Sikuuliza lita. Tena lita zenyewe wanahesabu mpaka vifuko vya nje vilivyotuna, ambavyo ukijaza mfuko wa ndani havifunguki tena. Mtu anayeuza kitu cha kuning'inizwa kando ya gurudumu linalozunguka ana wajibu wa kuonyesha kinaning'inia vipi. Na likitajwa tu neno la baiskeli ya kuegemea, bei inapanda, hata kama kitambaa, bizimu na mikanda ni zile zile za mfuko wa baiskeli ya kawaida ulio rafu ya pili.

Wanasema soko letu ni dogo. Ni kweli, na halikuwa dogo kwa bahati mbaya. Julai 1933 mwanambio Francis Faure alipanda baiskeli ya kuegemea iliyoundwa na Charles Mochet mjini Paris akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja, akaivuka rekodi ya saa moja ya mwanambio Oscar Egg iliyokuwa imesimama tangu 1914. Mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, UCI, likaandika upya maana ya baiskeli ya mashindano, na yetu ikaachwa nje. Baiskeli isiyoonekana kwenye mbio haionekani dukani, na isiyoonekana dukani hakuna anayeihangaikia kwa vifaa. Naamini bei tunazolipa leo zina mizizi pale.

Ukienda kununua, nenda na chupa kumi na mbili za maji za lita moja. Weka sita kila mfuko, hizo ni kilo sita kila upande. Ning'iniza mifuko kwenye keria yako mwenyewe, si ya duka. Shika pembe ya chini uivute nje kwa nguvu, kisha isukume ndani kuelekea kwenye spoki. Ikigusa spoki, au ikibaki upana wa kidole tu, rudisha. Halafu inua baiskeli nyuma kwa kimo cha kiganja uiachie idondoke, mara tatu. Tazama kulabu ya chini ikoje baada ya mara ya tatu. Muuzaji akikukataza jaribio hili, umeshapata jibu lako.

Na kama mifuko yenye mpira unayo tayari, usiitupe. Kata ubao wa plastiki ngumu, wa unene wa ubao wa kukatia mboga, kwa kipimo cha mgongo wa mfuko, ufunge kwa skrubu nne zenye washa pana. Ondoa mpira. Mahali pake shona mkanda wa bizimu usiovutika, uuzungushe kwenye mguu wa keria na kuukaza kila unapopakia. Ncha ya mkanda inayobaki ichomeke ndani, isining'inie karibu na spoki.