Saa ya Mezani ya Kale: Tufungue Mlango wa Nyuma

Ndugu watazamaji, karibuni. Saa hii iliyo mbele yangu hapa Jinja, Uganda, ilitengenezwa katika milima ya Schwarzwald, kusini-magharibi mwa Ujerumani, nami niliinunua ikiwa imenyamaza, mafuta yake ya zamani yameganda yakawa kama utomvu mweusi. Kasha la mwaloni na tarakimu za Kirumi mnaviona wenyewe, kwa hiyo sitakawia hapo. Nataka tufungue mlango wa nyuma, kwa sababu saa hii ina tabia ambayo mnunuzi wa Afrika Mashariki anapaswa kuielewa kabla ya kutoa fedha yake.

Tundu za ufunguo ni mbili kwa kuwa kamani, yaani tepe za chuma zilizoviringishwa zinazoisukuma saa, ni mbili: moja huendesha mishale, nyingine huinua nyundo. Ukizijaza siku ya Jumapili, zitafanya kazi wiki nzima. Sasa tazameni gurudumu hili la shaba lenye mapengo ukingoni. Wenzo mwembamba hutembea juu ya ukingo wake, na kila unapozama katika pengo, nyundo husimama. Umbali kati ya pengo na pengo huongezeka hatua kwa hatua, ndiyo maana saa hugonga mara moja, kisha mbili, kisha tatu, hadi kumi na mbili. Jumla yake ni mapigo 78 kwa saa kumi na mbili, na ukiongeza pigo moja la kila nusu saa, inakuwa 90. Kibawa hiki kidogo hupiga hewa kinapozunguka, na bila hicho nyundo ingemaliza hesabu yake kwa papara.

Jambo kubwa ni hili: gurudumu hilo haliitazami mishale kamwe. Hukumbuka tu lilipoishia. Mtu akiisukuma mishale haraka bila kusubiri saa igonge, uso utaonyesha tisa na kengele itahesabu sita. Fundi mmoja aliyeishika saa hii kabla yangu alidhani imevunjika, akapinda wenzo kwa koleo, nami nilitumia jioni mbili kuunyoosha. Haikuwa imevunjika. Ilitosha kuunyanyua wenzo kwa kidole, ikagonga tena na tena mpaka hesabu ikalingana na mishale.

Mpango mwingine, ambao Mwingereza Edward Barlow aliubuni karibu na mwaka 1676, hutumia kipande chenye ngazi kumi na mbili kinachozunguka pamoja na mshale wa saa, hivyo mlio hufuata uso daima. Wakusanyaji wengi huupendelea, na kwa nyumba yenye watoto wanaopenda kugusa mishale, nami ningeuchagua.

Hata hivyo, kwetu sisi mpango huu wa zamani una fadhila yake. Mzungu akisema ni saba asubuhi, sisi tunasema saa moja, na Waganda nao huhesabu vivyo hivyo. Kwa kuwa mlio haukufungwa na mishale, nimeunyanyua wenzo mpaka kengele ikaanza kuhesabu Kiswahili: mshale uko kwenye VII, nyundo inagonga mara moja. Mjomba wangu, ambaye macho yake yamefifia, sasa anaujua wakati bila kumwuliza mtu. Jihadharini tu na asubuhi, kwa sababu saa kumi na mbili na nusu, saa moja kamili na saa moja na nusu zote hugonga mara moja, na msikilizaji lazima ajue ni ipi kati ya hizo tatu.

Mkikuta saa kama hii sokoni, ijazeni ufunguo polepole na kuisikiliza ikigonga mzunguko mzima. Ikichelewa, inueni uzito wa pendulamu kidogo kwa kuzungusha nati iliyo chini yake. Kabla ya kuipakia garini, ivueni pendulamu. Hapa karibu na ziwa unyevu ni mwingi, kwa hiyo chunguzeni kutu kwenye kamani, maana kamani ikikatika hupiga kwa nguvu na kuvunja meno ya gurudumu lililo jirani.

Mmesikia huo mlio mdogo, kama kidole kikigusa kikombe? Wenzo umekwisha kuachia, zimebaki dakika chache kufika saa nne. Nitanyamaza ili mhesabu.