Jipu: vidonge vya kemisti au kupasuliwa?

Hapa Kondele, Kisumu, mtu akitokwa na jipu kwapani hukimbilia kemisti kununua amoksilini. Rahisi, na hakuna foleni. Shida ni kwamba usaha ukishakusanyika, mwili huujengea ukuta, na dawa inayopitia kwenye damu haifiki vizuri mle ndani. Tena stafilokoka, bakteria wanaosababisha majipu mengi, kwa kawaida hawatishwi na amoksilini.

Kupasuliwa kunauma, tusidanganyane. Hata ganzi hufanya kazi kwa shida penye uvimbe. Lakini usaha ukitoka, maumivu mara nyingi hupungua siku hiyohiyo. Dogo ambalo halijaiva? Likande kwa kitambaa cha maji moto, usilikamue. La usoni, lenye homa, au la mwenye kisukari: hospitali, leo leo.