Uzoefu wangu na Taurus G3C, bastola ya bei nafuu, hapa Texas

Bastola ninayoizungumzia ni Taurus G3C ya milimita 9. Niliinunua Arlington, Texas, mji ninaoishi na kufanyia kazi ya uuguzi, mara nyingi zamu ya usiku. Bei yake ilikuwa chini ya dola 300 kabla ya kodi ya mauzo, ambayo kwetu ni asilimia 8.25. Glock 19 iliyokuwa kando yake kwenye kabati la kioo ilikaribia kuwa mara mbili ya bei hiyo. Naandika kwa sababu akina dada wenzangu kutoka Kenya wananiuliza swali lile lile: bastola rahisi inaaminika, au ni kutupa pesa? Yangu naiamini, tena sana. Ila pesa nilizotumia kwa risasi mpaka nikaiamini zimeshapita bei ya bastola yenyewe.

Kwanza makaratasi, maana sisi wageni yanatuhusu kuliko wengine. Mwenye ukaaji wa kudumu, yaani grinikadi, anaruhusiwa kununua. Aliyeingia kwa viza ya masomo, ya utalii au ya kazi ya muda kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bastola wala risasi. Sheria ya shirikisho ina vighairi vichache, kama leseni halali ya uwindaji, lakini muone wakili kabla hujakitegemea chochote kati ya hivyo. Dukani unajaza fomu 4473 ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Utaulizwa uraia wako, kama umewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa au la kumpiga mtu wa nyumbani, kama unatumia bangi (hata kama jimbo lako limeihalalisha), na kama wewe ndiwe mnunuzi halisi. Muuzaji kisha anaulizia jina lako kwenye NICS, mfumo wa FBI wa kukagua rekodi za mnunuzi, uliopo tangu 1998. Jibu langu lilirudi upesi. Wengine husubirishwa siku kadhaa.

Hilo la mnunuzi halisi nalikazia. Ndugu akikuambia, "Ninunulie kwa jina lako, hela nitakurudishia," mkatalie, hata awe shemeji mliyelala nyumba moja miaka. Kwa sheria ya 2022, kumnunulia silaha asiyeruhusiwa kunaweza kukufunga hadi miaka 15. Wala usiifiche kwenye mzigo wa kupeleka nyumbani. Kuitoa Marekani bila kibali ni kosa, na ukifika nayo Kenya bila leseni utakuwa na kesi ya pili.

Sasa bastola yenyewe. Taurus ni kampuni ya Brazil iliyoanza 1939, na tawi lake la Marekani lilihamia Bainbridge, Georgia, mwaka 2019. G3C ilitoka 2020. Mtutu wake ni wa inchi 3.2, uzani wake ni gramu mia sita na kitu ikiwa tupu, na magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, inabeba risasi 12. Ndani ya boksi nilikuta magazini tatu. Anayejua magazini moja ya akiba huuzwaje ataelewa kwa nini nilifurahi. Yangu ina sefti (kizuizi cha kufyatua) ya kidole gumba upande wa kushoto. Wapo wanaume wengi pale renji, uwanja wa kulengea shabaha, wanaosema sefti ni kikwazo wakati wa hatari. Mimi nina watoto nyumbani, na niliitaka.

Triga (kifyatulio) yake inasafiri mbali kabla ya kukaza, halafu inaachia bila kukwaruza. Mwanzoni unaiona ndefu. Baadaye kidole kinaizoea. Risasi ikikataa kulipuka unaweza kubana triga tena, nayo itaigonga mara ya pili. Bastola nyingi za kundi hili hazifanyi hivyo, lazima ukoki upya, yaani uvute slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma. Hata hivyo mwalimu wetu hataki tulizoee jambo hilo: risasi ikigoma, itoe, weka nyingine.

Kukoki ndiko kunakowatisha wanawake wengi. Slaidi ya bastola fupi ina springi ngumu, na ukiivuta kwa ncha za vidole haitasogea. Niliyofundishwa ni haya: ilete bastola karibu na kifua, mdomo wake ukielekea kwenye shabaha, shika slaidi kwa kiganja kizima, kisha usukume mpini mbele kwa mkono wenye nguvu badala ya kuvuta nyuma kwa ule dhaifu. Nilipoipata njia hiyo, mambo ya nguvu za mikono yakaisha.

Kwa nini ziuzwe rahisi hivi? Fremu ni ya plastiki ngumu, mtindo ambao Gaston Glock wa Austria aliupa umaarufu miaka ya 1980, na sasa viwanda vya nchi nyingi vinaufuata. Zipo rahisi zaidi. Mzee mmoja wa Bukavu tunayefanya naye kazi anayo Hi-Point C9, inayotengenezwa Ohio. Ile mtutu wake haujifungi na slaidi risasi inapolipuka. Kinachozuia ile nguvu ni uzito wa slaidi na springi tu. Ndiyo maana slaidi yake ni nene, ya aloi ya zinki, na bastola nzima ni nzito kwa kitu kinachobeba risasi nane. Ikiharibika, kiwanda kinaitengeneza bure maisha yote, hata ukiwa umeinunua mkononi kwa mtu. Nilipomuuliza mzee anaibebaje, alinijibu, "Mama, hii ni ya ku nyumba. Nikiiita, inaitika." Nimeipiga, na kweli inaitika.

Binamu yangu alichagua Ruger Security-9, ya risasi 15. Hiyo ina nyundo iliyofichwa ndani, na slaidi yake ni laini kuvuta. Mama mwenye baridi yabisi vidoleni ningempeleka kwenye hiyo kabla ya yangu.

Habari za kukwama zisiwatishe, lakini zisikilizeni. Dada mmoja ninayesali naye alinunua bastola rahisi ya kampuni nyingine, ikawa ganda la risasi iliyokwisha kupigwa linakwama limesimama wima kwenye tundu la kutokea, mara kwa mara. Alikuwa ameshaanza kutafuta wa kumuuzia. Mwalimu akasimama nyuma yake, akamtazama akipiga magazini moja, akamwambia akaze kifundo cha mkono. Bastola ya aina hii huendeshwa na msukumo wa risasi: slaidi inarudi nyuma, inatupa ganda, inarudi na risasi mpya. Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi pamoja na slaidi, na slaidi haifiki mwisho wa safari yake. Alipokaza, kukwama kukapungua sana. Kulikobaki kulitokana na aina moja ya risasi, na alipoibadilisha kukaisha kabisa.

Kwa hiyo hesabu yako iwe na risasi nyingi. Boksi la risasi 50 za mazoezi hapa ni kama dola 12 hadi 16, ingawa 2020 na 2021 zilipanda bei kupita kiasi na mara nyingine hazikupatikana. Zile za kujilinda, zenye ncha yenye tundu, ni ghali, na wengi hununua boksi moja wakalijaza kwenye magazini bila kulipiga. Hapo nabishana na kila mtu. Umbo la ncha ile ni tofauti, na bastola inayomeza za mazoezi bila shida inaweza kuikataa. Mimi nilipiga mabokisi kadhaa ya ile ile ninayoibeba, na sijaibadilisha tangu hapo.

Tangu Septemba 2021 Texas hairuhusu tu mwenye leseni kubeba bastola; mtu mzima wa miaka 21 na zaidi asiye na zuio la kisheria anaweza kuibeba bila leseni. Mimi nilichukua leseni hata hivyo. Ada ni dola 40, kuna darasa la saa nne hadi sita, na mtihani wa risasi 50 kwa yadi 3, 7 na 15. Niliufanya kwa G3C hii na ikapita vizuri. Faida yake ni kwamba majimbo mengine mengi yanaitambua leseni hiyo, na darasani unaelezwa ni wapi huruhusiwi kuingia na silaha. Hospitali ninakofanya kazi haitaki silaha ndani, basi siku za kazi inabaki nyumbani.

Na nyumbani inakaa kwenye sefu. Duka linalazimika kisheria kukupa kifaa cha kufungia, kwa kawaida kufuli la waya, lakini mimi silitegemei hilo peke yake. Texas humshtaki mtu mzima aliyezembea kuifungia silaha yenye risasi, na mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia. Mimi ni muuguzi, nimeona risasi inavyoufanya mwili wa mtoto, na juu ya hili sina mjadala na mtu. Sio chini ya mto, sio kwenye droo ya chupi, sio kwenye mkoba unaoning'inia mlangoni. Sefu ndogo ya namba haifiki dola 100. Kama pesa hazitoshi kununua vyote viwili, bastola isubiri.

Kusafisha ni rahisi, ila kumbuka kwamba kabla slaidi haijatoka lazima ubane triga. Toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba (tundu la nyuma ya mtutu linalokaa risasi) kwa macho, ingiza na kidole, ndipo ubane.

Anayetaka kununua asiende na dola 300 tu. Ukiweka ala nzuri ya kubebea, sefu, risasi za kuanzia na darasa, nenda na 700. Na kabla ya hapo, renji nyingi za Dallas na Fort Worth hukodisha bastola. Omba G3C na Security-9, uzipige zote mbili siku moja kwa risasi za boksi moja, mikono yako ikuambie.