Duka la dawa Kariakoo: vidonge vya kalsiamu kwa waliovuka hamsini

Kwa sisi akina mama tuliovuka hamsini, duka hili dogo karibu na soko la Kariakoo linastahili nyota nne. Nilishashika kopo kubwa lenye picha ya bibi anayekimbia. Dada mfamasia akaligeuza, akanisomea maandishi ya nyuma: kalsiamu miligramu 600 kwa kidonge. “Mama, mwili hufyonza vizuri miligramu 500 au pungufu kwa mara moja.” Akanipa za 500 zenye vitamini D, nimeze na chakula maana ni kalsiamu kabonati, aina inayofyonzwa vizuri zaidi pamoja na chakula. Lakini kwanza aliuliza dawa nyingine ninazotumia, na kama nakula dagaa, maana nao wana kalsiamu. Nakula, tena na vichwa vyake! Nyota moja nimeikata: foleni ndefu, kiti kimoja.